Usiwashe Jiko Mpaka Nifike

Mount Druitt, Sydney
2 Julai 2021

Mume wangu Muema,

Mume wangu! Acha niliandike tena nilifaidi: mume wangu. Jumamosi mbili zilizopita nilikuwa bado Atupele wa watu, leo ni wako, na uko mbali nami kwa safari ya treni ya kutwa nzima. Nguo ya harusi nimeitundika mlangoni na kila nikiamka naiona kwanza kabla ya kuona kitu kingine. Naisalimia.

Usishangae kupata barua. Nikikupigia simu, Clifford anainyakua akuonyeshe jino lililong'oka, Hope anataka kuimba, kisha wifi Shirleen naye ana mambo yake na kaka yake. Zikibaki dakika zangu mimi, naingia chooni kunong'ona kama mwizi, na bado mtu anagonga. Kwenye karatasi hakuna wa kunigongea. Hapa naweza kukuita asali wangu bila Hope kuuliza ni asali gani.

Wametufungia ndani kwa ajili ya korona, unajua. Mimi nilikwishapanga sanduku. Najua hukatai nije. Ni kazini kwako ndiko walikosema anayeishi na mtu aliyetoka Sydney asikanyage. Basi nitasubiri. Wanasema ni wiki mbili tu.

Naendelea na kazi kwenye nyumba ya wazee kule Penrith. Tuko wachache, wengine wameambiwa wakae nyumbani, kwa hiyo mmoja anafanya ya wawili. Nikirudi miguu imevimba. Nalala kwenye kochi, nafumba macho, nahamia nyumbani kwetu Dubbo.

Nina ombi moja, na usinicheke. Kwetu Tukuyu jiko la nyumba mpya huwashwa na bibi harusi mwenyewe. Mama yangu alipoolewa, shangazi yake baba alitangulia akapika maharage kwenye jiko lake siku moja kabla hajafika. Ni miaka thelathini sasa, na mama bado anayasema hayo maharage. Tafadhali, asali wangu, usiwashe jiko mpaka nifike. Kula mkate, kula kazini. Mlo wa kwanza kutoka kwenye jiko lile nitaupika mimi.

Wako peke yako,
Atupele


Dubbo
14 Julai 2021

Mpenzi Atu,

Barua yako nimeisoma mara nyingi mpaka imeanza kukatika kwenye mikunjo. Mimi si mtu wa maneno, utanivumilia.

Jiko sijaligusa. Bado lina ile karatasi ya plastiki kwenye mlango wake. Birika nimelipeleka kazini ili nisishawishike. Nakula kazini, na usiku nakula mkate na samaki wa kopo. Rafiki yangu Mbuvi alinipigia akaniambia nimekaliwa na mke ambaye hata hajafika. Nikamwambia ndiyo, na wewe utafute wa kukukalia.

Uliniuliza kwa simu mji ukoje. Ni mdogo, lakini usiudharau. Barabara kuu za uwanda huu wote zinakutana hapa. Mtu anaendesha gari kwa saa nne kuja kung'oa jino, kununua tairi na viatu vya shule, na jioni anarudi zake. Ukitoka nje ya mji kidogo ni tambarare mpaka mbingu iguse chini. Lori la ng'ombe unaliona likija kwa muda mrefu, hata unasahau kwamba linakuja. Watoto wa huko mbali wanazaliwa hapa, na wazee wa huko wanaletwa hapa kwa ndege ndogo za madaktari.

Ndiyo maana kazi yetu haiishi. Mgonjwa anaingia hospitali, jamaa zake wanalala kwetu kwenye hosteli. Mimi nafungua vyumba, napokea mizigo, narekebisha mabomba. Wanakaa jikoni kwetu wakinywa chai. Siku hizi ni wachache, kila mtu anaogopa kusafiri.

Nyumba ni ya vyumba viwili, ina ua nyuma. Ukuta wa sebule ni mweupe tu. Uniambie unataka mapazia gani.

Kaa salama. Msalimie dada yangu.

Muema wako


Mount Druitt
1 Agosti 2021

Asali wangu,

Mapazia! Uliposema mapazia nilicheka peke yangu kwenye basi, mama mmoja akahama kiti. Nimeyapata ya rangi ya chungwa, yana majani meupe pembeni. Nimeyatuma leo hii, ila posta wamesema siku hizi mizigo inachelewa sana. Yatundike sebuleni, jua la asubuhi liingie kupitia kwenye rangi ile, nami nikiwa nimekaa pale na kanga yangu. Nimeshaiona picha yote.

Huku si kuzuri. Zile wiki mbili zimekuwa mwezi, na bado. Helikopta inazunguka juu ya mitaa yetu, na wanasema kesho wanajeshi wataanza kupita nyumba kwa nyumba. Mitaa ya wenye pesa huko pwani watu wanaota jua. Shirleen anafundisha watoto mezani, huku kazi yake ya ofisini iko masikioni, akishika simu na penseli kwa mkono mmoja. Jana alimwambia Clifford, "Ukiniuliza tena saba mara nane, nitakupeleka polisi." Clifford akamwambia, "Hata polisi hawajui, Mum." Tulicheka mpaka akalia. Shirleen ndiye aliyelia, si mtoto.

Kazini tumempoteza Bibi wa chumba cha mwisho, yule aliyekuwa akiniita Sunshine. Sio korona, ni uzee tu na kukosa wa kumtembelea. Nilimshika mkono nikiwa na glavu. Nimechoka, Muema. Nimechoka mahali ambapo usingizi haufiki. Kitu pekee kisichochoka ni kukupenda wewe na ile nyumba yetu nyeupe.

Niambie jiko bado lina plastiki.

Bibi harusi wako,
Atupele


Dubbo
24 Agosti 2021

Mpenzi Atu,

Samahani kwa kukawia. Umesikia habari, na sisi tumefungiwa tangu tarehe kumi na moja. Ugonjwa umefika huku na umeanza na wale ambao hawana nafasi ya kujitenga. Watu wanapanga foleni ya kipimo ndani ya magari tangu alfajiri. Ndege za madaktari zinapita usiku kucha.

Mimi mzima. Nyumba nayo nzima. Mapazia hayajafika.

Nashinda kazini sana. Nikikosa kupokea simu jioni, usiwe na wasiwasi.

Muema


Mount Druitt
3 Septemba 2021

Muema,

Barua yako ilikuwa fupi hata nikageuza karatasi nitafute nyingine nyuma.

Leo posta wamenitumia ujumbe kwenye simu kwamba mapazia yamepokelewa. Nikaruka kwa furaha. Kisha nikasoma vizuri. Yamepokelewa nyumbani kwetu, saa nne asubuhi, na aliyepokea jina lake ni Honorine.

Nimekupigia, hukupokea. Nimempigia Mbuvi, akaanza kukohoa kikohozi cha kubuni. Shirleen ameniambia nisiwaze mabaya, kaka yake si mtu wa namna hiyo. Dada gani atasema kaka yake ni mtu wa namna hiyo?

Honorine ni nani? Na saa nne asubuhi anafanya nini ndani ya nyumba yangu?

Atupele


Dubbo
9 Septemba 2021

Madame Atupele,

Mimi naitwa Honorine. Hunijui. Natoka Bukavu, sasa niko hapa Dubbo mwaka wa tatu na bwana yangu Symphorien na watoto wane. Na bwana yako tunatumika pamoja pale hosteli, miye nafua mashuka. Samehe Kiswahili yangu, yenu ya Tanzania ni ya redio, yetu ni ya njiani.

Muema alinisomea barua yako kwa simu. Nikamwambia, wewe andika yako, na miye nitaandika yangu, mwanamuke kwa mwanamuke.

Symphorien anafanya kule machinjio. Ugonjwa ulimushika huko, wakamupeleka hospitali, akawekewa oksijeni. Sisi tulikuwa tunaishi na familia ingine nyumba moja, na wao wako na mutoto muchanga wa wiki mbili. Miye na watoto tukapimwa, tuko nayo. Mama wa ule mutoto akalia, akasema, Honorine, utaniulia mutoto. Alikuwa na haki. Lakini tuende wapi? Tukakaa ndani ya gari. Muema akapita akituletea dawa, akaona watoto wamelala na viatu. Akanipa ufunguo palepale, kwa dirisha, na akarudi nyuma hatua nyingi. Yeye tangu ile siku analala hosteli, kwa chumba ya mashuka. Ndani ya nyumba yako hajaingia hata mara moja tukiwa humu. Naapa kwa roho ya mama yangu.

Ile pakiti, mutu wa posta aliita jina kwa nje, nikajibu la kwangu. Sikuifungua. Iko juu ya kabati.

Sasa jambo la kweli ya kuandika hii barua. Muema alipotoa ufunguo alisema: Mama Honorine, fanyeni kila kitu kama kwenu, ila jiko musiliwashe, ni la bibi harusi wangu, anataka aliwashe yeye. Nilicheka. Nikaangalia, yeye hacheki. Basi nikaheshimu, sababu bila yeye tungekuwa ndani ya gari. Jirani, bibi mumoja mzungu mwema, alitupitishia juu ya ukuta ile mashine ya gesi ya kuchoma nyama. Ndiyo nayopikia, huko nje. Lakini Madame, hapa asubuhi majani yote yako meupe kwa baridi. Upepo unazima moto. Uji ya watoto inafika mezani imelala. Tumepona kwa karatasi, lakini kifua bado, na mudogo wangu anakohoa kila nikifungua mulango.

Nakuomba ruhusa niwashe jiko lako. Ukikataa sitakasirika, nitajua ni desturi.

Ni miye,
Honorine


Mount Druitt
14 Septemba 2021

Kwa Mama Honorine,

Barua yako nimeipata. Pole kwa mgonjwa na pole kwa watoto.

Washa jiko. Mtoto hawezi kukosa uji kwa ajili yangu.

Lakini na mimi nakuomba unielewe. Nimeolewa miezi mitatu karibu itimie na sijalala hata usiku mmoja kwenye nyumba yangu. Kila kitu cha ndoa hii nimekifanya kichwani. Wakifungua njia nitakuja, na siku hiyo nakuomba niikute nyumba yangu ikiwa yangu.

Mapazia yaache hapohapo juu ya kabati.

Atupele


Dubbo
19 Septemba 2021

Mpenzi Atu,

Nilistahili ukali wako. Ningekuambia mapema. Kila nilipokaa kuandika niliona yale maneno yako ya jua na kanga, nikashindwa. Nilisema watakaa wiki mbili, watatoka, nitasafisha, hutajua. Kisha familia ile nyingine ikakataa kuwapokea tena, na nyumba za kupanga mjini hakuna kabisa. Watu wa kila mahali wamekuja kujibanza hapa.

Kuhusu jiko, sasa najiona mjinga. Uliniomba kitu kimoja tu tangu tuoane. Nilishindwa kukuleta hapa, nikashindwa kuja huko, nikaona hicho kimoja nisikishindwe. Sikufikiria upepo.

Symphorien ametoka hospitali. Anatembea kama mzee, kutoka kitandani hadi mlangoni, anapumzika. Honorine amenionyesha barua yako. Ameniambia nisijali, atakuwa amepata mahali kabla njia hazijafunguliwa. Mimi niko tayari kuwaambia watoke hata leo ukitaka. Wewe ndiye utasema.

Hapa chumba cha mashuka kina harufu ya sabuni na joto la mabomba. Silalamiki. Nimechoka kidogo tu kuwa na mke na nyumba na kulala bila vyote viwili.

Muema


Mount Druitt
27 Oktoba 2021

Mume wangu,

Umesubiri jibu langu muda mrefu, na hukusubiri kwa sababu ya hasira. Sasa naweza kukuambia, maana tumepona. Shirleen alikataza usiambiwe, alisema utapanda gari uje ukamatwe njiani.

Ni mimi niliyeileta korona. Kutoka kazini, Muema. Nilianza mimi, akafuata Hope, kisha Clifford, mwisho Shirleen mwenyewe, na huyo ndiye aliyeumwa hasa. Alikuwa akishika ukuta kwenda maliwato. Nilipika, niliosha, nililala sakafuni mlangoni kwake nisikie anavyopumua. Sikufikiria mapazia hata mara moja.

Siku moja alipopata nafuu nilimwomba msamaha. Nikamwambia, "Wifi, nimekuletea ugonjwa ndani ya nyumba yako." Akaniangalia kama nimesema kitu cha kipumbavu. Akasema, "Nyumba yangu? Wewe umekaa hapa tangu Juni, umewahi kuniona nikihesabu sufuria? Nenda ulale."

Nilikwenda nikajilaza kwenye kochi, nisilale. Miezi minne napika kwenye jiko la mwanamke mwingine. Nimevunja bakuli zake, nimeunguza ugali wake, watoto wake wanalala chumba kimoja ili mimi nipate sebule. Hakuna siku aliyoniambia nitoke. Na mimi nilimwandikia mama mwenye mgonjwa kwamba naitaka nyumba yangu.

Waambie wabaki. Sisi tutachukua chumba cha nyuma, wao wakae cha mbele na sebule, maana wao ni wengi. Mwambie Honorine afungue ule mzigo atundike mapazia popote anapotaka. Ningempigia simu, lakini naona aibu. Nataka nimwambie uso kwa uso. Wewe mtangulizie salamu.

Chanjo zote ninazo, tiketi ninayo. Jumanne tarehe mbili, treni ya asubuhi. Nimekonda, uso umebaki macho tu, usishtuke ukaniacha kituoni. Nikikuona sijui kama nitakukimbilia au nitakaa chini nilie. Jiandae kwa yote mawili, asali wangu.

Wako, mchovu, wako,
Atupele


Dubbo
4 Novemba 2021

Wifi yangu Shirleen,

Nimefika salama. Muema alikuwa kituoni tangu mapema kabla treni haijafika, amevaa ile suti ya harusi na barakoa. Nililia, kisha nikamkimbilia. Watu waliokuwa wakishusha mizigo walipiga makofi. Amezeeka kidogo karibu na masikio. Namwangalia akilala, Shirleen, nashindwa kuamini kwamba anapumua upande huu wangu. Clifford mwambie mjomba wake anakoroma kama lori, na mimi naona ni muziki.

Lakini acha nikuambie tulivyoikuta nyumba.

Barua yangu ya mwisho ilikuja ikanikuta mwenyewe hapa. Ilikuwa sandukuni jana, bado imefungwa. Muema hakujua kitu. Mimi kwenye simu nilimwambia tu nimeandika, atasoma, nilitaka afurahi. Kwa hiyo Honorine hakuambiwa na mtu yeyote kwamba abaki. Alichokuwa nacho ni ile barua yangu ya Septemba.

Waliondoka Jumapili, siku mbili kabla yangu. Alimwambia Muema amepata mahali, akakabidhi ufunguo akiwa amepiga magoti, anasema Muema, kama mtu anayemkabidhi mkubwa. Muema alidhani ni hapahapa mjini. Kumbe wamekwenda Nyngan, ndani kabisa ya uwanda, kwa binamu yake Chibalonza anayeishi kwenye karavani, kile kijumba cha magurudumu. Wao sita na yule mmoja. Na Symphorien na kifua kile, na hospitali iko huku.

Nyumba inang'aa. Amesugua mpaka miguu ya viti. Hakuna hata unywele wa mtoto sakafuni. Nilizunguka kila chumba nikitafuta alama kwamba watu waliishi hapa, sikuipata. Nilikuwa nimeota siku hii tangu Juni, kuingia mlangoni na kukuta kila kitu kinanisubiri mimi. Basi kilikuwa kinanisubiri. Nilikaa sakafuni sebuleni. Muema akaniuliza kama nimechoka na safari, nikasema ndiyo.

Jana jioni niliwasha jiko nikapika wali na maharage, tukala mimi na yeye. Baadaye akasema, "Jumamosi sina zamu." Nikamwambia, "Weka mafuta kwenye gari." Akasema ameshaweka.

Sijui nitamwambia nini, wifi. Mtu akiondoka kwa heshima namna ile, unamrudishaje? Nikisema sikuwa namaanisha, atajua ni uongo, maana nilimaanisha. Nitamwambia nilimaanisha, na sasa namaanisha hili lingine. Niombee akubali. Muema anasema tumchukue yule mgonjwa kwanza, wengine watafuata.

Asubuhi hii nilitoka uani kuanika nguo. Bibi jirani alisimama upande wa pili wa ukuta na kofia yake ya jua, ameshika sweta ndogo ya sufu aliyoifuma. Alinitazama kwa furaha, akaniuliza kwa Kiingereza chake kirefu, "Wewe ni mgeni wa Honorine?"

Nikamwambia ndiyo. Nikaipokea ile sweta.

Wifi yako,
Atupele